Nderema ya Nyumba ya Baridi

Katika jumba lile la Al Wukair, aliyekuwa na kiyoyozi kizuri kuliko wote alikuwa ua la manjano. Nasema hivi nikiwa na hasira, na hasira yenyewe bado haijapoa. Nyuma ya jumba, karibu na ukuta, kulikuwa na kibanda cha vioo ambacho sisi wafanyakazi tulikiita nyumba ya baridi. Ndani yake kulikuwa na kidimbwi ambacho maji yake yalizungushwa na pampu, kingo za matope meusi yaliyoletwa kwa magunia, na mashine mbili za kupoza hewa zilizonguruma usiku na mchana. Nje jua la Doha lilikuwa likiyeyusha lami. Ndani, mimi mtunza bustani nilivaa koti zito na soksi mbili mbili. Chumba cha mpishi, kule nyuma ya jiko, kilikuwa na feni moja ya mezani iliyogeuza shingo kwa shida.

Madam mwenye jumba hakuwa mwenyeji wa Qatar. Alikuwa mgeni kama sisi, ila mgeni wa daraja lingine, aliyeletwa na kazi kubwa ya mumewe. Alizaliwa nchi ya baridi, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, ua lile huota bure kwenye mitaro na ng'ombe hulipita bila kulitazama. Jina lake kwa lugha ya Madam sikuwahi kulitamka sawasawa, naye alinicheka kila nilipojaribu, basi nikalibatiza ua la kinamasi. Ni la manjano iliyokolea, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Kila mwaka, mwezi wa tatu, lilipochanua, Madam aliwaalika wanawake wenzake waje wanywe chai kando ya kidimbwi na kukumbuka kwao. Walikuwa wakilia machozi kabisa. Sisi, ambao wengine tulikuwa na miaka hatujaona kwetu, tulipita katikati yao na sinia za keki.

Ua hilo nilijifunza kulitambua kwa kudhalilishwa. Msimu wa kuchanua, kila Jumapili asubuhi, wiki ya kazi inapoanza, Madam aliweka maua mawili kwenye kisosi, akaniuliza, "Langu ni lipi?" Kulikuwa na gugu moja lililokuja na udongo wa kwao, linalofanana na ua lake kama ndugu wa tumbo moja. Mimi nililiita kinyota. Ukiyatazama kwa juu, yote mawili ni manjano, yote yanang'aa, yote yanapenda tope. Lakini ua la kinamasi lina petali tano pana, na ukiligeuza, mgongoni halina kitu, ni manjano tupu hadi kwenye kikonyo. Kinyota kina petali nyembamba, nane, tisa, hata zaidi, na ukikigeuza utakuta vijani vitatu vya kijani vimekishika kwa chini. Kikizeeka hufifia kikawa cheupe. Ukiking'oa, mizizini kina viazi vidogo kama karanga changa, na kila kiazi utakachokisahau kwenye tope kitakuletea mche mwingine.

"Geuza," Madam alikuwa akisema. "Usitazame uso tu. Geuza."

Nikikosea, adhabu yangu ilikuwa kutoa mawe yote ya kidimbwi na kuyasugua moja moja kwa mswaki, ndani ya maji yale, mpaka vidole vikafa ganzi. Naye alisimama pale pale na kikombe chake cha kahawa, akiniuliza habari za wanangu, wanasoma darasa la ngapi, wanapenda mpira. Alikuwa na sauti nzuri sana. Katika miaka yote ile sikumsikia akiipaza hata siku moja.

Mpishi alikuwa mama wa Kikenya, mwenyeji wa Bungoma, mkubwa kwangu kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilimwita dada, yeye akaniita shehe, ingawa ushehe wangu ulikuwa wa kofia tu. Kiswahili changu kilimchekesha mpaka akashika mbavu.

"Wewe unaongea kama redio," aliniambia. "Mtu akuombe chumvi, unaanza na salamu za asubuhi mpaka ugali inapoa."

"Na wewe unaongea kama unagombana na sufuria," nilimjibu.

Tulikuwa tukiishi hivyo, kwa kutaniana, maana bila utani nyumba ile ingetumaliza. Lakini dada alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Mama yake alikuwa anapoteza kumbukumbu. Enzi zake aliuza mboga za kienyeji sokoni, akijua kila jani la bondeni kwao, lipi linaliwa, lipi linachemshwa likamwagwa maji, lipi ni la kukimbia. Sasa alikuwa anasahau kama amekula. Halafu akaanza kusahau watu. Kila Ijumaa, niliporudi kutoka msikitini, nilimkuta dada kwenye ngazi za mlango wa jikoni akiongea na mama yake kwa simu ya picha, kaka yake akiwa amemshikia mzazi ile simu kule nyumbani. Kuna Ijumaa mama alimwita kwa jina lake. Kuna Ijumaa alimwita kwa jina la binti yake mwingine aliyekwisha kufa. Siku moja kaka mtu alienda na simu pembeni, nikamsikia akisema, "Kuja haraka. Bado anakujua kidogo. Ukingojea Krismasi ingine utakuja kama mgeni."

Likizo yake ilikuwa imekubaliwa, mwishoni mwa Januari. Begi lilikuwa limesimama kando ya kitanda tangu mwezi uliotangulia, limejaa vitambaa na marashi ya kina mama.

"Mimi sitaki mengi, shehe," aliniambia. "Nataka aniite jina yangu mara moja, nikiwa hapo mbele yake. Aniite, niitike. Hata akisahau kesho, ni sawa."

Wiki ile ya mwisho Madam alinituma kununua udongo, naye akaenda kutembelea marafiki zake. Nyumba ya baridi ilikuwa marufuku kwa kila mtu isipokuwa mimi na yeye. Dada alikuwa ameoka mikate tangu alfajiri, jiko limewaka kama tanuru, akasema moyoni aingie dakika mbili apunge hewa. Mwezi ule ua la kinamasi huwa limeshatoa majani na tumba, ila bado halijachanua. Majani yake ni ya mviringo wenye mkato wa figo, manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Dada aliyaona, akasahau kuwa yuko Doha.

Niliporudi nilipokewa na harufu ya kitunguu. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi zake na sahani ya ugali mapajani, uso umechangamka kama mtu aliyepokea barua ya heri.

"Shehe, kuja! Kumbe uko na nderema huko ndani na unaninyima?"

Sikujua nderema ni kitu gani. Nilijua tu kwamba huko ndani hakukuwa na mboga. Niliangusha gunia la udongo, nikakimbilia kwenye sinki, nikakuta vikonyo alivyovitupa. Nilivunja kimoja. Kilikuwa kitupu katikati, kama mrija wa soda.

"Dada, hiyo nderema ya kwenu ukiivunja inakuwaje?"

"Inatoa mrenda. Inateleza, inavutika hivi."

"Na ukingo wa jani?"

"Laini. Haina kitu."

Nilimpa jani moja lililobaki, nikampitisha kidole chake ukingoni. Lilikuwa na vijimeno vidogo vidogo pande zote. Kisha akashika midomo yake, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

"Niliona haina mrenda," alisema taratibu. "Nikasema labda ya huku ni kavu, juu ya kulelewa na AC. Nikaona ni chungu, nikasema ni hamu tu."

Mtu wa Tanga asingelifanya kosa lile, kwa sababu mboga hiyo hatukulelewa nayo. Hata mpishi Mhindi wa jumba la jirani asingelifanya. Lilikuwa kosa la mtu wa bondeni kwao tu, mtu aliyefundishwa jani na mama yake kabla ya kufundishwa herufi. Na alikuwa amekata kwa ufundi, nilipokwenda kuangalia, kwa kisu kikali, chini kabisa, mche kwa mche, ili yachipue tena kwa pamoja. Ndivyo mama yake alivyomfundisha kuvuna. Hapakubaki tumba hata moja.

Alitapika mpaka akawa hana cha kutapika. Midomo ilivimba, ulimi ukawaka. Nilimpa maziwa, nikampa maji yenye chumvi na sukari, nikamshika bega. Madam alirudi tukiwa hivyo, mlango wa choo cha wafanyakazi uko wazi, dada amepiga magoti sakafuni. Alisimama, akatazama, akauliza amekula nini. Nilipomwambia, alitupita akaenda nyumba ya baridi. Alikaa huko kitambo. Aliporudi aliniuliza mimi, si yeye, "Kuna hata tumba moja lililobaki?"

Nikasema hakuna.

"Hata lile la nyuma ya jiwe kubwa?"

Hata lile. Akaenda zake juu bila kuuliza kingine, na dada akaendelea kutapika.

Asubuhi yake dada aliandaa kifungua kinywa kama kawaida, midomo minene kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikimwagilia kwa mpira wa maji, nikasikia kila neno. Madam alimpa pole. Alimwambia asinywe kitu cha moto. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya pole, kwamba amefikiria habari ya likizo.

"Utasafiri maua yangu yakichanua. Nadhani ni haki. Wewe umeyala ya kwetu, kwa hiyo tusubiri pamoja."

"Madam, mama yangu..."

"Najua, umeniambia. Mlango uko wazi, hakuna anayekufunga hapa. Ukitaka, nenda leo. Ila ukienda leo usirudi."

Dada alikuwa na watoto wawili chuoni, na kazi ile ndiyo iliyowaweka huko. Madam alilijua hilo vizuri kwa sababu alikuwa akiwaulizia, kama alivyowaulizia wangu. Dada alimimina chai, akasema ndiyo, Madam. Nilitamani kuufungulia ule mpira wa maji dirishani.

Hapo ndipo nilipoacha kupalilia. Madam alikuwa amemfuata mumewe safarini, na angerudi siku chache tu kabla ya chai yake ya mwezi wa tatu. Mashina ya ua la kinamasi yalikuwa yametoa majani mapya lakini hayakuwa na nia ya kutoa ua mwaka ule. Matope nayo yalikuwa yamejaa viazi vya kinyota. Nilivikusanya vyote ambavyo kwa kawaida ningevitupa, nikavipandikiza katikati ya mashina yale, ili jani liwe la kweli na ua liwe la uongo. Mungu anisamehe, nilivilea kwa mapenzi kuliko nilivyowahi kulea kitu cha halali kwenye kidimbwi kile. Vikachanua vyote, manjano tele.

"Na akigeuza?" dada aliniuliza.

Swali hilo tulilijibu asubuhi ya siku ya wageni. Tuliingia wote wawili tukiwa na makoti, dada akiwa na kibanio chake cha kunyofolea nyusi na mimi nikiwa na kile cha sanduku la dawa, tukapiga magoti kwenye tope, tukaanza kunyofoa vijani vitatu vya kijani chini ya kila ua. Dada alikuwa akicheka hadi machozi. "Ona kazi yetu," alisema. "Tunatoa maua nyusi." Petali hatukuweza kuzipunguza, maana ukinyofoa moja linabaki pengo. Nikamwambia Madam akiwa na wageni hana muda wa kuhesabu, ana kazi ya kulia.

Wageni walikuja, wakalia. Madam aliingia mwisho, na gauni jeupe. Alichuchumaa kwenye ukingo, akachuma ua moja, akaligeuza. Alilitazama mgongo kwa utulivu. Kisha akachota tope kidogo kwa ncha ya kidole na kukiinua kidole chake kwenye mwanga, na nikaona, naye akaona, kijani kimoja kidogo tulichokinyofoa kimeganda pale. Alitabasamu. Akamwita dada, ambaye alikuwa ameshika sinia.

"Marafiki zangu, huyu ndiye anayelijua ua hili kuliko sisi sote. Amelila." Wanawake wakacheka. "Waonyeshe. Wahesabie petali, kwa sauti."

Dada aliweka sinia chini. Alichukua ua kwenye kiganja cha Madam, akahesabu. Alianza kwa sauti ya kawaida. Ilipofika tano alisita, na Madam akamwambia kwa upole, "Endelea." Akaendelea. Sita. Saba. Nane. Tisa. Mgeni mmoja aliweka kikombe chake mezani. Wote walikuwa wanalijua ua la kwao, na wote walikuwa wamelilia lile la bandia, na sidhani walimsamehe dada kwa hilo.

"Yangu yana tano," Madam alisema. "Kwa hiyo hayajachanua. Tutasubiri mwaka ujao."

Akanigeukia mimi. Aliniagiza ning'oe vinyota vyote, sasa hivi, kwa mikono, na kila kiazi nikiweke kwenye kisosi ili avione. Niling'oa mbele ya wageni wake wakinywa chai. Dada alipitisha keki juu ya kichwa changu. Mmoja wa wale wanawake, wakati wa kuondoka, alininong'oneza pole na kunipa biskuti iliyofungwa kwa karatasi laini. Niliitupa kwenye kidimbwi akiwa bado anatazama.

Watu niliowasimulia huniuliza kama najuta, kwamba pengine bila ujanja wetu Madam angelainika. Sijuti hata chembe. Mwanamke yule asingelainika, na angalau asubuhi moja tulicheka.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Kila Ijumaa dada alikaa kwenye ngazi zake. Mama yake alimwita kwa jina la marehemu, baadaye akamwita mwalimu, baadaye nesi. Ilifika Ijumaa ambayo alitazama simu kama mtu anayetazama ukuta. Dada alirudi jikoni, akakatakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, na sikumtania. Mimi nililea mashina yale kwa chuki. Niliyapimia maji, niliyafukuzia konokono, nilipalilia kila kiazi cha kinyota kilichothubutu. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile wala kuichukia kazi kama ile.

Yalichanua mwezi wa tatu, ya kweli. Madam aligeuza moja, akahesabu tano, akampigia dada makofi. Tiketi ilikuwa tayari kabla ya jioni. Alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mimi niliacha kazi kwake mwezi huo huo. Nilihamia Al Mansoura, kwenye chumba cha watu sita, nikapata kibarua cha kumwagilia miti ya barabarani. Nilikuwa nimelala baada ya zamu dada aliponipigia kwa simu ya picha kutoka kwao. Alikuwa uani. Nyuma yake niliona uzio wa miti uliofunikwa na mtambaazi wa majani ya mviringo, manene, yanayong'aa, na nikaelewa mara moja kwa nini alikosea. Hata mimi ningekosea.

"Tazama," aliniambia, akageuza simu.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mdogo, msafi, kitambaa kipya kichwani. Nilikitambua kitambaa, kilitoka kwenye lile begi. Dada alichuma tawi la ile mboga, akampa. Yule mama alilishika, akalivunja bila hata kulitazama, akavuta ule mrenda katikati ya vidole viwili. Akasema neno moja kwa lugha yao, na hata mimi nililisikia jina la nderema ndani yake. Akaendelea kuongea, haraka, kwa uhakika, na dada akanitafsiria: anasema hii ichemshwe kidogo tu, ichanganywe na majani ya kunde, itiwe maziwa ya jana.

Kisha mama akamtazama binti yake. Akauchukua mkono wake, akautazama kiganja, akaugeuza akatazama mgongo wake, kwa muda mrefu. Akauliza kitu kwa adabu. Dada akajibu kwa neno moja, nikasikia Doha. Mama akatikisa kichwa kama anayemwonea mtu huruma, akamrudishia mkono, akasema kitu kingine.

Dada aliigeuza simu, uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Ameniuliza mimi ni mtoto wa nani, na kama watu wa kwetu wanajua niko hapa. Nimemwambia natoka Doha. Amesema ni mbali sana, nisiondoke bila kula." Alifuta pua kwa kanga. "Lakini mboga ameijua, shehe. Umeona? Mboga ameijua."

Nikamwambia nimeona.